Malkia Ndani ya Mwanzi

Feruzi, mpagazi wa zamani aliyebeba pembe hadi pwani na kurudi Rumonge na vichekesho tu, alikutwa na mama mkwe wake nyuma ya msikiti. Kapiga magoti, matako juu, shuka limemponyoka, anamfukuza mdudu.

"Mukwe," alisema Bi Sikuzani, akigeuza uso na kibuyu chake cha mawese kichwani. "Kibla haiko huko."

Feruzi akajifunga shuka haraka. Jua lilikuwa likizama ng'ambo ya ziwa, mvua ya kwanza imekatika, wadudu wa mabawa wametapakaa. Akafumbua kiganja. "Nimempata malkia wa sisimizi, mama."

"Huyo kumbikumbi, wa kukaanga. Hana kiuno. Malkia ni yule pale: kiuno uzi, kifua kipana, makovu mgongoni alipojing'oa mabawa. Nani kakutuma?"

"Radjabu. Dawa yake ya malale."

Bi Sikuzani akakishika kibuyu chake. Akaenda zake bila kuaga.

Radjabu alikuwa ndugu wa Feruzi wa kuchanjia. Miaka kumi nyuma, safarini, walichanjana vifuani, kila mmoja akala kipande cha ini la mbuzi kilichopakwa damu ya mwenzake. Sasa malale yalimlaza Radjabu hata mkono ukiwa kwenye ugali, na Wadachi, wale Wajerumani wa boma, walitaka kumpeleka kambi ya wagonjwa, ambako wachache walirudi. Ungekataa kumsaidia wewe?

Alikuwa amempa Feruzi mwanzi wenye pamba mbichi na kumnong'oneza masharti. Mtie. Ziba. Weka gizani, chini ya kitanda chako. Usimlishe.

"Atakula nini?"

"Nyama ya mgongo wake mwenyewe, mpaka watoto watoke."

Siku ya tisa, Feruzi akasikia.

Krr... krr...

Chini ya kitanda. Na harufu, kama ya buchani. Akacheka: mdudu mmoja, kelele za panya kumi!

Siku ya ishirini shuka halikukaa tena begani. Mkewe Asiya alimpapasa mgongo, akaurudisha mkono upesi.

"Feruzi... nyama yako iko wapi?"

Krr... krr...

Feruzi akauvuta mwanzi. Akauzibua.

Pamba ilikuwa nyekundu. Malkia kanona, kajaa mayai. Na chini ya pamba, kipande cheusi, kikavu, chenye alama za meno.

Ini.

Lile ambalo Radjabu alilitafuna mbele ya mashahidi. Hakuwahi kulimeza.

Feruzi alijikongoja kwa fimbo hadi kwa ndugu yake. Radjabu alikuwa uani, macho makavu bila usingizi, anapasua kuni na kuimba. Mgongo wake ulikuwa mpana kuliko Feruzi alivyoukumbuka.

Feruzi alitafuta mzaha. Haukuja.

"Miaka kumi uliniweka akiba, ndugu yangu? Kwa nini mimi?"

Shoka likashuka. Radjabu hakugeuka.

"Nani mwingine angekubali?"