Siku ya Saba ya Mtoto wa Bati

Mtoto wa bati hakuwa na mota wala betri. Kichwa chake kilikuwa sufuria iliyopinduliwa, macho yake balbu mbili za tochi, miguu yake vyuma vya baiskeli iliyokufa zamani, na kifua chake sanduku la nguo la bati, lenye kifuniko na komeo. Akitakiwa kutembea, anavutwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Kwa hiyo Axel, aliyeshika kamera na sauti, alipovua kaske za kusikilizia masikioni saa sita mchana na kusema kuna kitu kinapiga mateke ndani ya roboti, Bulaimu alicheka kuliko watu wote uani.

"Ni njaa yako njo inapiga mateke," alisema. "Ninyi watu wa Butembo mukikosa viazi siku mbili, masikio inaanza kuleta habari."

"Papa Bulaimu, sichezi. Vaa, usikie."

Bulaimu akavaa. Ti. Ti-ti. Ti. Kisigino kidogo juu ya bati, kisigino ambacho hakijawahi kukanyaga chini.

"Panya," alisema, akafungua komeo. Hapakuwa na panya. Palikuwa na harufu tu, ya maziwa ya mama yaliyochacha juu ya nguo.

Huyu Bulaimu alikuwa na miaka hamsini na tumbo la mtu aliyeshiba makofi ya jukwaani tangu sekondari. Mji mzima wa Kindu, kuanzia mtaa wa Mikelenge hadi ng'ambo ya mto kule Alunguli, ulikuwa unacheka kabla hajafungua mdomo. Akienda dukani kuuliza bei ya sabuni, watu wanashika mbavu. Msibani walimkalisha nyuma kabisa, karibu na choo, asije akapiga chafya watu wakaaibika mbele ya maiti. Sasa alikuwa anatengeneza filamu: fundi mmoja wa Kalima, aliyekosa mtoto, anamuunda wa kwake kwa madini anayochimba, na mtoto yule wa chuma anajifunza kulia. Bulaimu aliitunga, akaiongoza, akacheza fundi. Mke wa fundi alichezwa na dada yake mkubwa, Ramla, kwa sababu Ramla alijua kulia bila kufundishwa.

Sanduku pia lilikuwa la Ramla. Alilitoa mwenyewe chini ya kitanda, akatoa vitenge, akalifuta kwa kanga.

"Mutoto wangu hakulitumia sana," alisema. "Acha huyu wa sinema alitumie."

Bulaimu alilitazama. Rangi ilikuwa mpya, lakini ubavuni yalikuwepo yale matundu kumi na mawili aliyoyatoboa yeye mwenyewe kwa msumari, mwaka ule wa vita. Angeweza kusema: yaya, dada yangu, tutafute lingine. Angeulizwa kwa nini. Akasema, "Kifua kizuri sana hiki, hata mimi sina," na watu wakacheka.

Mwaka ule mji ulikuwa umefungwa pande zote, na pale kwenye kizuizi cha askari kivukoni kila mwanamke mwenye mtoto mchanga aliambiwa ni mke wa wapiganaji wa ng'ambo, akavutwa pembeni, na wengine hawakuonekana tena. Ramla alikuwa na mtoto wa siku tano. Akamlaza usingizini ndani ya sanduku, juu ya nguo, akatangulia kuvuka mikono mitupu, akamwachia mdogo wake Bulaimu alibebe sanduku kichwani. Bulaimu alifika Alunguli jua likiwa limeinama. Mtoto alikuwa amekufa. Homa, alisema Bulaimu. Walimzika bila jina, maana siku ya saba ilikuwa bado, na katika mbio zile hakuna aliyekuwa amemwitia hata adhana sikioni. Kwa miaka ishirini na mbili Ramla aliamini homa.

Mateke yalikuwa yameanza siku moja baada ya kupigwa picha ya kumpa jina mtoto wa bati. Palikuwa na uchekeshaji mwingi siku ile: fundi alimnyoa mwanawe kichwa kwa tupa ya chuma, cheche zikaruka, majirani wakalala chini kwa kicheko. Kosa likaja mwishoni. Ilibidi baba amwitie mtoto adhana, na Bulaimu, aliyeweza kufanyia mzaha kila kitu chini ya jua, mbele ya wazee wa Kiislamu wa mtaa aliona haya kuiharibu adhana. Akaiita yote, sawasawa, kwa sauti ya chini. Na kwa kuwa sufuria haina masikio, akainama akaiitia ndani ya yale matundu ya msumari.

Katika karatasi za Bulaimu mtoto aliitwa Musumari. Ramla alimchukua roboti mapajani, kamera inamtazama, akasema, "Jina lake njo Aboubakar."

"Kata!" alipiga kelele Bulaimu. "Yaya, Aboubakar ametoka wapi?"

"Nilikuwa nimemuwekea," alisema Ramla. "Sikupata nafasi ya kumpa."

Picha ile haikurudiwa.

Baada ya mateke ikaja sauti. Axel alikataa kubaki na roboti chumbani. Alisema kila adhana ya mchana ikiisha msikitini, sanduku linajibu kwa kuguna, kama mtoto anayetafuta ziwa. Ramla yeye hakuogopa. Alikuwa anakaa karibu nalo, kitambaa cha gauni lake kimelowa maziwa kifuani, mwanamke wa miaka hamsini na sita, na hilo ndilo lililomfanya Bulaimu aende mbio kumwita Mwalimu Djamali wa msikitini.

Mwalimu alikuja Ijumaa baada ya sala, na bakuli la kombe, maandishi ya zafarani yaliyoyeyushwa kwa maji. Akafunga lango la ua, akaketi kwenye mkeka.

"Mufu harudi, mama Ramla," alisema polepole. "Usijidanganye. Huyu siyo mutoto wako, huyu njo jini. Aliona pahali wazi, akasikia anaitwa kwa adhana na kwa jina, akaingia akakaa. Lakini jini anaishi miaka mingi. Inawezekana alikuwepo karibu, akaona."

"Akaona nini?" aliuliza Ramla.

"Hiyo njo tutamuuliza."

Alisoma, akanyunyizia sanduku kombe, na jua la saa nane likiwa wazi juu ya bati, kuku wakiwa wamenyamaza wote na Axel akiwa ameegemea ukuta, ameikumbatia kamera yake iliyozimwa, kifuniko kikaanza kutetemeka taratibu kama kifuniko cha chungu cha majani ya sombe yanayochemka, harufu ya maziwa machachu ikawajaa puani mpaka Mwalimu akafunika pua kwa kanzu, na kutoka mule ndani, kwa mbali, kama mtu anavyosikika ukiwa umefungiwa na nguo usoni, ikatoka sauti ya kijana mwanamume mchangamfu ambayo kila mmoja pale aliijua, kwa sababu mwenye sauti hiyo alikuwa amesimama karibu nao, amefumba mdomo, jasho likimtiririka shingoni.

"...basi mubuzi akasimama mbele ya barabara," ilisema sauti ya Bulaimu wa zamani. Wanaume wengi wakacheka ndani ya bati. Bunduki zikagongana.

Kisha sauti nyingine, nzito: "Umetuchekesha, komediani. Basi, pita. Uende na sanduku yako."

Na ile ya kijana: "Ngoja, afande. Iko moja tena."

Ti-ti-ti-ti-ti, kilipiga kisigino, haraka, karibu kabisa na masikio yao.

Ramla alimgeukia ndugu yake. Hakupaza sauti. "Walikuambia upite?"

"Yaya..."

"Walikuambia pita, Bulaimu. Iko moja tena ya nini?"

Akasema. Alisema huku akitazama vidole vyake vya miguu. Kwamba walimtambua, wakamwomba awachekeshe, na kichekesho cha kwanza kilitosha. Lakini kicheko chao kilikuwa kitamu. Njaa yote ile, woga wote ule, na watu wenye bunduki wanajifuta machozi kwa ajili yake. Akaongeza kile cha komanda aliyekamata mbuzi asiye na karatasi. Ili awe komanda, alihitaji kiti. Akatua sanduku chini, akalitandikia koti lake, vizuri, pande zote, akalikalia.

"Juu ya matundu," alisema Ramla.

"Nilisikia anapiga mateke. Nikacheka kwa nguvu zaidi, ili wasimusikie."

Mwalimu Djamali alifunga msahafu. Alisema jini amekubali kuondoka, kwa sharti moja: aliyefunika matundu aseme mbele ya watu, na watu wamwamini.

Ramla alisimama, akajifunga kitenge. "Na mimi ni vile vile. Siku watu watakuamini, utakuwa mudogo wangu. Kabla ya hapo usiniite yaya."

Filamu ilikamilika. Jumapili moja saa tisa alasiri ilionyeshwa katika ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa makatoni, watu wanakaa hadi miguuni pa wenzao. Walilia mtoto wa chuma alipolia, wakacheka sufuria ilipoanguka. Mwisho wake mtoto wa bati mwenyewe alipandishwa jukwaani na Axel, na Bulaimu akasimama karibu naye. Safu ya mbele, Ramla alikuwa amekaa, mikono mapajani. Alikuwa amekuja kusikiliza.

Bulaimu alikuwa ameyafanyia mazoezi maneno yake wiki nzima, kwa mara ya kwanza maishani akiondoa vichekesho badala ya kuviweka.

"Ndugu zangu," alisema. Wakaanza kucheka. Alingoja. "Sanduku hili lilikuwa na mutoto wa dada yangu ndani. Mimi njo nilimuua. Nilimukalia."

Ukumbi ulipasuka. Mama mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Wanaume walipigana mabega, wakarudia, alimukalia, alimukalia, tazama tumbo lile!

"Siyo kichekesho!" alilia Bulaimu, machozi yakimshuka. "Wallahi ni kweli! Muniamini!"

Wakazidi. Hawakuwa wamewahi kumwona akicheza vizuri hivi. Kutoka nyuma mtu akaanza kupiga makofi na kupaza sauti, na ukumbi wote ukaitikia kwa miguu na viganja: "Moja tena! Komediani! Moja tena!"

Ramla aliinuka, akapita katikati ya watu wanaocheka, hakugeuka. Na Bulaimu, aliyesimama karibu na sanduku kuliko wote, alisikia chini ya kelele zile, ndani ya bati, kisigino kimoja kidogo kikimpigia makofi pamoja nao.