Jibu la Mzee Nyundo

Kila asubuhi ya likizo ile, Kasuku alifagia uwanja, akaosha vikombe vya chai, kisha akamfuata shangazi yake kazini. Jina la Kasuku alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Shangazi alikuwa mtafiti. Alipita nyumba kwa nyumba akiwauliza watu wanaionaje serikali yao: je, maji yanatoka? Zahanati ina dawa? Uchaguzi ulikuwa wa haki? Majibu aliyaingiza kwenye simu. Kasuku alibeba mwavuli na chupa ya maji, na wakati wa mahojiano alikaa mbali, maana majibu ya mtu ni siri yake.

Alimwonea fahari sana shangazi yake. Alimwona akisubiri nje mpaka mama mmoja amalize kunyonyesha. Alimwona akimkatalia kwa heshima baba mmoja aliyetaka kumjibia mkewe, akimweleza kuwa kura ya kuchagua wa kuhojiwa imemwangukia mama, basi baba avute subira. Hata alipofokewa kana kwamba yeye ndiye serikali, shangazi hakukunja uso.

Siku ya mwisho ilibaki nyumba moja, huko mwisho wa kichochoro. Wingu zito lilikuwa limetanda, na miguu ya shangazi ilikuwa imevimba. Akamtuma Kasuku atangulie akaone kama kuna mtu. Kasuku alimkuta mzee mmoja anagonga bati, mgongo kaupa mlango. Akapiga hodi, mzee hakugeuka. Akapiga tena, kimya. Tumbo lilikuwa linamnguruma kwa njaa na matone ya mvua yalishaanza kudondoka. Akarudi mbio, akasema hakuna mtu.

"Basi tutarudi kesho," shangazi akasema.

Kasuku hakulitegemea hilo. Yeye alidhani kazi imekwisha. Akamshauri shangazi ajaze majibu mwenyewe, kwani watu wote si wanasema yale yale, kwamba maji hakuna na viongozi huonekana wakati wa kampeni tu?

Shangazi akasimama. "Umejuaje wanachosema, na wewe unakaa mbali?"

"Nakisia tu, shangazi."

"Nami nikikisia, nitakuwa nimemziba mtu mdomo bila yeye kujua. Wanaosoma majibu haya watadhani ni yeye aliyesema, kumbe ni mimi."

Maneno yale yalimchoma Kasuku. Aliuona tena mgongo wa yule mzee, umeinama juu ya bati. Akatazama chini.

"Shangazi, yupo. Nimemwona. Nilikudanganya kwa sababu ya njaa."

Shangazi hakumgombeza. Alifungua mwavuli, wakaenda pamoja.

Jirani aliwaeleza kuwa huyo ni Mzee Nyundo, mfua bati anayeishi peke yake. Kelele za kazi yake zilikuwa zimemla masikio, na watu walichoka kupaza sauti, wakawa wanampungia mkono tu na kupita. Shangazi akazunguka mpaka mbele yake, akamwamkia, kisha akaketi wakitazamana uso kwa uso. Kila swali alilisema polepole ili mzee asome midomo. Lisipoeleweka, alilirudia, na akalirudia tena.

Kasuku alijikinga mvua kibarazani kwa jirani, ng'ambo ya kichochoro. Hata huko alisikia, kwa kuwa asiyesikia hajui sauti yake ina ukubwa gani. Mzee aliisifu zahanati: aliungua mkono, akatibiwa vizuri, wala hakuombwa chochote. Kuhusu maji alisema wamemwangusha. Kuhusu uchaguzi, alisema chama chake kilishindwa, lakini bado kupiga kura ni bora kuliko kutawaliwa na mtu asiyeondoka. Kasuku alishangaa. Katika yote hayo, kama angekisia yeye, angepatia la maji tu.

Shangazi alimkumbusha mzee kuwa majibu yake ni siri, anaweza kupunguza sauti. Mzee akacheka.

"Siri ya nini, binti yangu? Miaka yote napiga kura, hakuna aliyerudi kuniuliza nimeonaje. Waache wasikie."

Mvua ilipokatika, aliwasindikiza mpaka barabarani, nyundo ingali mkononi. Njiani Kasuku akauliza kama sasa maji yatatoka kwa mzee.

"Hilo siwezi kuahidi," shangazi akajibu. "Mimi nafikisha alichosema, bila kuzidisha wala kupunguza. Lakini kiongozi hatatengeneza asichoambiwa, na mwananchi akisemewa na mwingine, hajasikika. Uongo wako ulikuwa mdogo, ila ungemnyamazisha mtu mzima na akili zake. Umeukiri mapema, na kwa hilo nakusifu."

Akatembea kidogo, akiruka madimbwi kwa miguu ile ile iliyovimba.

"Kumsikiliza mtu ni kazi, mwanangu," akasema. "Tena ni kazi ya miguu."