Tarumbeta za Don Anselmo

“Nani kalipia bendi?” Yunuén aliuliza, mikono kiunoni.

“Mtu tu. Wewe kazi yako kucheza.”

“Fidencio, usinifanye mtoto. Nani?”

Mchumba wake akajikuna shingo. “Don Anselmo.”

Yunuén akakaa chini pu! Don Anselmo, bwana parachichi wa mlimani, aliyechimba visima mpaka chemchemi ya mji ikakauka! Na Jumapili hii wanawake wa mtaa walikuwa wamemchagua yeye Yunuén akamseme mbele ya mkutano.

“Ulimpelekea mkate?”

“Kikapu kizima. Akaula mbele yangu.”

“Ee Mama Maria! Umetumaliza.”

Kwao, ukimpelekea mtu mkate kumwomba alipie kitu cha harusi, naye akaula, mmeshakuwa ndugu. Na ndugu hasemwi hadharani. Hata walevi wa mji ule walilijua hilo.

“Mpenzi, tarumbeta kumi na mbili! Mimi fundi mbao ningezitoa wapi? Pesa ni pesa, haina jina.”

“Hiyo ina jina, tena litatangazwa kwa kipaza sauti tukiwa tunacheza. Nicheze muziki ulionunuliwa kwa maji ya watu, mimi?”

“Mbona binamu yako anamchumia parachichi?”

“Binamu yangu anauza jasho lake. Wewe umeuza mdomo wangu!”

Akatoka, mlango akaubamiza. Jioni simu yake ikalia, ujumbe wa Fidencio: “Nyamaza Jumapili hii tu. Tukishaoana sema utakavyo.”

Akamjibu: “Basi oa tarumbeta.”

Jumapili ukumbi ulifurika. Yunuén aliinuka, na kabla hajafungua kinywa don Anselmo akacheka pale mstari wa mbele.

“Taratibu, binti. Mkate wenu bado uko tumboni mwangu.”

Watu wakaangua kicheko. Machozi ya hasira yakamlenga Yunuén. Ndipo Fidencio akasimama kule nyuma, kofia mkononi.

“Don Anselmo, mkosaji ni mimi. Muziki wako siutaki. Na undugu wako siutaki.”

“Utaoa kimyakimya kama mwizi?”

“Afadhali. Mwache mke wangu aseme.”

“Bado sijawa mke wako!” Yunuén akafoka.

Ukumbi ukacheka tena, lakini safari hii walikuwa upande wake. Akasema. Akasema visima, akasema mabomba yanayovuta maji usiku, akasema vikongwe wanaobeba ndoo, mpaka don Anselmo akachukua kofia yake akaondoka bila kuaga.

Nje Fidencio akamkimbilia.

“Umenisamehe?”

“Nimeudhika mpaka hapa!” Akajigusa kooni. “Kwa nini ulingoja nichekwe kwanza?”

“Niliogopa.”

“Mama atalia akisikia, eti harusi bila bendi ni aibu ya ukoo.”

“Kwa hiyo harusi haipo?”

“Nani kasema haipo? Ila utacheza na mimi bila muziki, mbele ya watu wote, mpaka nikwambie basi.”