Chaki Kwenye Bawa

Wiki ile zamu ya kufuta ubao ilikuwa yangu. Kifutio kilikuwa kimepotea tangu muhula uanze, kwa hiyo kila mwenye zamu alifutia mkono wa sweta. Mimi nilifuta kwa bidii zote, nikatoka darasani mkono mmoja mweupe pepepe.

Nikapitia kazini kwa mama, kama kila siku, turudi nyumbani pamoja. Mama ni fundi wa kung'arisha. Kwa wiki sita alikuwa akisugua bawa la chuma lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, mpaka ukilitazama unaona meno yako. Lilikuwa la kujaribiwa ndani ya handaki la upepo, bomba kubwa ambamo hewa hupita kwa kasi zaidi kuliko ndege ya abiria.

Mama alikuwa na kitambaa laini cha kupitisha mara ya mwisho, alichokiita "kwaheri". Baada ya kwaheri, hakuna kugusa.

"Hata mkurugenzi akija, mikono nyuma," alipenda kusema.

Siku hiyo alikwisha kupitisha kwaheri, akaenda kumwita mhandisi. Nikabaki peke yangu na bawa. Nikaona kaukungu kadogo juu yake. Maskini mama, amesahau hapa! Nikalipulizia pumzi kama mtu anayesafisha miwani, nikalifuta kwa mkono wa sweta. Likang'aa. Nikajipongeza.

Mhandisi tulimwita Bwana Subiri, maana kila sentensi yake ilianza na "subiri kwanza". Alilifunga bawa ndani ya handaki, nasi tukasimama mbele ya skrini iliyoonyesha joto lake. Hewa ikipita shwari, bawa hubaki la bluu. Ikivurugika, hulipasha moto, na picha huwa nyekundu.

Handaki likanguruma. Mara mistari mitatu myekundu ikatokea. Kila mmoja ulianza na ncha ndogo, ukatanuka kwenda nyuma kama ufagio.

"Subiri kwanza," alisema mhandisi. "Fundi, hii ni mikwaruzo. Bawa hili itabidi tuwape mafundi wengine."

"Labda macho yangu yamechoka," mama alisema polepole.

Macho yake! Macho yanayoona uzi uliochomoka kwenye sketi yangu nikiwa bado getini! Nilijua nikisema nitaipata. Lakini nilipomwona mama anafuta mikono isiyo na uchafu, sikuweza kuvumilia.

"Mama, si wewe. Ni mimi. Nililigusa baada ya kwaheri."

"Uliligusa kwa kitu gani?" mama aliuliza.

Nikanyoosha mkono wa sweta. Mhandisi akaupiga kofi dogo, vumbi jeupe likapaa, naye akapiga chafya mara tatu.

"Chaki!" alisema.

Wakazima handaki, wakaleta lenzi. Kwenye kila ncha ya mstari palikuwa na chembe nyeupe, imegandishwa na pumzi yangu.

"Kwa macho matupu huioni," mhandisi aliniambia. "Lakini hewa inayokimbia hivi ikijikwaa hapa, yote inayofuata nyuma inavurugika."

Mama alitoa kwaheri mpya, akafuta taratibu. Handaki likawashwa tena. Tukangoja. Bluu! Bluu tupu, kutoka mwanzo hadi mwisho! Nilishusha pumzi ndefu, na mama akacheka huku machozi yakimlengalenga.

"Samahani, fundi," alisema mhandisi. "Nimekimbilia kukulaumu. Leo mimi ndiye niliyeshindwa kusubiri."

Njiani mama alinishika bega. "Usidhani sijakasirika, mwanangu. Nilikukataza kugusa, ukagusa. Lakini ungenyamaza, mimi ningebeba lawama, na wale wangetafuta mwezi mzima mikwaruzo isiyokuwepo. Ukikosea, sema papo hapo, wakati kosa bado linafutika."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe."

Asubuhi alinikabidhi kitambaa chake cha zamani.

"Hiki ni cha ubao," alisema. "Na sweta utalifua mwenyewe."