Nilimwambia Ndugu Yangu Asiende Mahakamani

Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sita, mama wa watoto wanne, mwalimu wa shule ya msingi karibu na Lumino, Uganda. Kazi yangu ni kufundisha kusoma. Wazee wakipata barua ya serikali huniletea niwasomee. Wakitumiwa ujumbe wasiouelewa, huninyooshea simu: "Madam, hii ni kweli ama uongo?"

Sisemi hayo kwa kujisifu, wasomaji wenzangu. Nasema ili muone kwamba hata mtu wa namna yangu anaweza kupotea... na kumpoteza aliyemwamini.

Ndugu yangu wa mwisho, nitamwita Wandera, ni mkulima kijijini Sikuda. Mwaka juzi alinunua ng'ombe dume wa kulimia huko Kwapa. Muuzaji alimpa barua yenye muhuri wa mwenyekiti wa kijiji, kama inavyotakiwa. Wiki mbili baadaye polisi walifika na mwenye ng'ombe. Kumbe ng'ombe huyo alikuwa wa wizi! Muhuri ulikuwa wa kughushi, na muuzaji alikuwa ametoroka. Wandera akashtakiwa mahakamani Tororo kwa kupokea mali ya wizi.

Nilimdhamini mimi mwenyewe. Niliweka sahihi kwamba tarehe ikifika, nitahakikisha amefika.

Siku ya kwanza nilikaa benchi la pili. Mwenye ng'ombe, mzee Mjapadhola, kabila jirani na letu, alieleza habari yake kwa Dhopadhola, lugha ya kwao, haraka haraka, huku karani akitafsiri. Hakimu alimsimamisha karani mara tatu. "Amesema nini hapo? Rudia polepole." Niliona kwa macho yangu, nikasikia kwa masikio yangu. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu mimi nililisahau.

Siku tatu kabla ya kesi kusikilizwa tena, ujumbe uliingia kwenye grupu yetu ya WhatsApp, grupu ya sisi Wasamia wa pande zote mbili za mpaka wa Uganda na Kenya. Ilikuwa orodha ya majina kumi na moja, yote ya watu wetu, na juu yake maandishi makubwa: HAKIMU HUYU NI MJAPADHOLA. HAJAWAHI KUMWACHIA MSAMIA. AMKENI!

Nilisoma mara moja, nikasoma tena. Kila nilichokumbuka kikageuka ushahidi. Mbona karani alimsalimia yule mzee kwa mikono miwili? Mbona askari walicheka mlangoni? Mbona hakimu hakumtazama Wandera usoni? Nilimshuku hata mwanamke aliyekuwa akifagia veranda ya mahakama!

Sikujiuliza nani aliandika ile orodha. Sikujiuliza alijuaje. Nilichukua simu, nikamtumia Wandera ujumbe wa sauti: "Usiende. Watakufunga. Vuka mpaka, kaa kwa shangazi."

Akanipigia hapo hapo. "Lakini dada, barua niko nayo. Mimi nataka kusema ukweli yangu."

"Hiyo ukweli yako utamwambia nani?" nikamfokea. "Hiyo hakimu ni mtu yao!"

Akacheka kile kicheko chake cha kukubali. "Haya. Wewe ndiyo mwalimu. Nakwenda."

Akavuka kwenda Funyula, upande wa Kenya. Siku ya kesi nilifundisha hesabu kama kawaida, nikijiona mwerevu...

Wiki moja baadaye mahakama iliniita, kwa kuwa mimi ndiye mdhamini. Hakimu aliniuliza kama najua kwa nini mshtakiwa hakufika. Nikamtazama machoni, nikasema, "Sijui."

Nilidanganya! Mimi niliyeogopa uongo wa mahakama, uongo pekee niliousikia siku ile ulitoka kinywani mwangu.

Nje, mwendesha mashtaka alinifuata. "Madam, ndugu yako ana akili kweli? Tulimngojea mpaka saa sita. Yule mwizi aliyemuuzia tulimkamata, amekiri. Tulimleta aseme kwamba Wandera hakujua kitu. Angerudi nyumbani siku ile ile!"

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji.

Nilimpigia Wandera, nikamsihi arudi. Mnadhani alinisikia? Alivuta pumzi, akauliza kwa sauti ya mtu asiyenijua, "Dada... wamekutuma?"

Shaka niliyompandia sasa ilinielekea mimi. Kila nilipopiga alikuwa na swali. Nipo na nani? Mbona naongea hivyo? Halafu akazima simu kabisa. Nilikwenda Funyula mwenyewe. Shangazi akaniambia amehama, na hakutaka kuniambia wapi.

Mama yetu alikuwa na presha. Polisi walipokuja nyumbani mara ya pili na hati ya kumkamata mwanawe, alianguka uani. Wandera alipata habari, akavuka kuja kumwona. Polisi walimkamata kabla hajafika kitandani kwa mama.

Dhamana ilifutwa, akapelekwa rumande. Mama alifariki mwezi uliofuata. Tulimzika bila mwanawe wa kiume wa pekee. Mpaka anakata roho alikuwa akiuliza, "Nani alimtia mtoto wangu woga?" Nilikuwa nimemshika mkono. Sikumjibu. Ule ujumbe wa sauti nilikuwa nimeshaufuta kwenye simu...

Ndipo ile orodha ikarudi kwenye grupu. Sasa ilikuwa na majina kumi na mawili.

Jina la kumi na mbili lilikuwa la ndugu yangu! "Amefungwa bila kosa kwa sababu ni Msamia."

Wasomaji, nani aliandika hivi? Wandera alikuwa hajahukumiwa. Alikuwa ndani kwa sababu alikimbia, na alikimbia kwa sababu ya orodha hiyo hiyo! Sasa walikuwa wanamtumia kama ushahidi wa kumtisha mwingine.

Kama jina moja nililolijua vizuri lilikuwa uongo, je, yale kumi na moja? Nilianza kufanya kazi niliyopaswa kuifanya siku ya kwanza. Jina la tisa lilikuwa la kijana wa mama mmoja anayeuza dagaa sokoni Lumino. Nikamwendea, nikamuuliza kama mwanawe alifungwa kwa sababu ya kabila.

"Kabila gani, Madam?" alinishangaa. "Wangu alikiri mwenyewe. Aliiba betri ya mnara wa simu, tukaipata chini ya kitanda. Nani ameandika jina lake huko?"

Nilianza kuhudhuria mahakama kila nilipopata ruhusa shuleni. Nilimwona mwanamke wa kwetu, Msamia, akiachiwa, akitoka nje anapiga vigelegele. Nikangoja jina lake litajwe kwenye grupu. Halikutajwa! Orodha ile ilikuwa na nafasi ya waliofungwa tu.

Nikamuuliza karani kuhusu kabila la hakimu. Akacheka. "Huyu? Kwao ni magharibi, mbali kabisa. Dhopadhola hajui hata salamu. Si ulinisikia nikitafsiri mpaka koo inakauka?"

Nilimsikia. Nilikuwa benchi la pili!

Wandera alipofikishwa tena mahakamani alikuwa amekaa rumande miezi saba. Mwizi alitoa ushahidi, na shtaka la ng'ombe likaanguka. Likabaki la kukimbia. Hakimu akamuuliza, "Nani alikushauri usije?"

Ndugu yangu alitazama sakafu. "Hakuna mtu."

Miezi saba, na bado alikuwa ananificha! Nikasimama bila kuitwa. "Ni mimi, mheshimiwa. Na nilipokwambia sijui, nilikudanganya."

Hakimu alinikaripia mbele ya watu wote, kwa haki yake, na sitasahau aibu ile. Kisha akasema muda aliokaa ndani unatosha, akamwachia.

Niliandika kwenye grupu kwamba Wandera ameachiwa, na hakimu ni huyo huyo. Nikaomba wafute jina lake. Jibu lilikuja haraka: "Madam, wamekununua kwa sukari kilo ngapi?" Vicheko vikafuata. Kabla ya jioni nilikuwa nimeondolewa. Naambiwa jina la ndugu yangu bado lipo pale, la kumi na mbili.

Sisemi hakuna hakimu mwenye upendeleo. Wapo, na wenye kuonewa wapo. Kwa sababu hiyo hiyo, tafadhali, msikubali kila orodha. Ulizeni ni nani aliyekuwepo chumbani. Ulizeni walioachiwa wameandikwa wapi. Mtafuteni mtu mmoja tu kati ya hayo majina, mkamsikilize. Si kazi ngumu, mnaiweza. Mimi ilinigharimu nusu siku na mwendo wa kufika sokoni... lakini niliifanya nikiwa nimeshachelewa.

Wandera amenisamehe, anasema. Ila siku hizi nikimtumia ujumbe wa sauti hausikilizi. Anapanda baiskeli kutoka Sikuda mpaka kwangu, anaiegemeza ukutani, na kabla hata ya kunisalimia ananiuliza:

"Hiyo, dada, umeiona mwenyewe?"