Baridi ya Ghorofa ya Chini

"Shangazi amepoteza miwani," Mkuu alisema kwenye simu. "Jengo la sayansi. Milango nimeifunga, lakini saa tano kamili lazima nifungue. Una dakika arobaini."

Simu ikakatika.

Kwa watu wa Idara ya ujasusi, maana yake ilikuwa moja: kitu kimeibwa, na mwizi bado yumo ndani.

Kilichoibwa kilikuwa kichupa cha plastiki, kirefu kama kidole. Ndani yake mlikuwa na mbegu ya chanjo ya homa ya ng'ombe, yaani chembe hai za kuitengenezea, mbegu pekee iliyopo. Kampuni moja ya nje iliitaka ikiwa hai, ili chanjo hiyo itengenezwe kwake tu. Daktari wa mifugo wa ghorofa ya tatu, mama wa makamo, alikuwa ameihangaikia miaka kumi na miwili.

"Ikipata joto kwa dakika kumi tu, imekufa," alimwambia jasusi aliyetumwa na Mkuu. "Sina nyingine, mwanangu."

Jasusi huyo aliitwa Mwiba, na hata mkewe alikuwa karibu kusahau jina lake halisi. Akaficha bastola yake ya Glock kwapani, akavaa koti jeupe, akaingia kazini. Maabara alizijua. Makoti meupe na chupa za vioo, basi.

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Ghorofa ya tatu, kwa watu wa biolojia, aliona kabati la kioo linalovuma, akapenyeza mkono kupekua. Mtafiti mmoja mwembamba akamrukia.

"Toa mkono! Kabati hili linapuliza hewa safi ili chembe hai zangu zisiingie uchafu. Umeniulia kazi ya wiki tatu."

"Samahani, kaka."

"Ziambie chembe."

Ghorofa ya pili, kwa wakemia, kulinuka siki na kiberiti. Makoti ya huku yalikuwa na matundu ya asidi. Mwiba akaona kabati kama lile la juu. Safari hii hakuingiza mkono. Alipandisha kioo tu ili achungulie, tena kwa adabu.

"Shusha kioo hicho," mkemia mmoja akamfokea. "Hili linafyonza. La juu linalinda chembe, hili linalinda watu. Na miwani yako ya kinga iko wapi?"

Mwiba akatoka ameuma meno. Jengo moja, kabati moja, sheria mbili, na yeye kote huko ni mjinga. Alitamani kupiga teke ukuta.

Redio ikakwaruza. "Mwiba. Dakika kumi na nane."

"Najua kusoma saa, Mkuu."

Akaketi kwenye ngazi, akalazimisha akili itulie. Alikuwa akitafuta mtu. Kwa nini asitafute baridi? Bila baridi, mwizi angebaki na kichupa kilichokufa. Akampigia daktari.

"Mama, ukiacha majokofu yako, nani mwingine humu ana baridi ya kutosha?"

"Wanafizikia, kule chini. Wanapoza sumaku yao kwa naitrojeni ya kimiminika, baridi kuliko barafu mara nyingi. Miaka yote hii sijawahi kukanyaga huko."

Mwiba alishuka ngazi tatu-tatu.

Ghorofa ya chini haikufanana na maabara hata kidogo. Nyaya zilijaa sakafuni, baiskeli imetundikwa ukutani, kikombe cha kahawa kimekaa juu ya kompyuta. Fundi wa sumaku, aliyevaa kaptura na raba, akamwekea mkono kifuani.

"Bastola, funguo, saa. Vyote mezani."

"Mimi ni mtu wa usalama."

"Na ile ni sumaku. Haijui vyeo."

Ilibaki kidogo Mwiba alie kwa hasira. Akaweka Glock. Akaweka funguo. Akavua Casio.

"Leo mmetuandama na makoti yenu," fundi akanung'unika. "Mwenzako yuko ndani. Nilitoka kuongeza kahawa, kurudi nikamkuta keshaingia. Eti mkaguzi wa naitrojeni."

"Ninyi huwa mnavaa makoti meupe?"

"Labda siku ya kupigwa picha."

Mwiba akasukuma mlango.

Sumaku ilikuwa tangi refu la chuma, limesimama kwa miguu mitatu. Kando yake mwanamume mwenye koti safi alikuwa akitoa kichupa kwa koleo la plastiki kutoka kwenye ndoo ya naitrojeni inayofuka mvuke. Akageuka, bastola ya Browning mkononi.

"Rudi nyuma."

Mwiba akarudi, lakini kwa kuzunguka. Hatua moja kulia. Mbili. Yule bwana akamfuata kwa mtutu, akisogea, akisogea, mpaka bega likakaribia tangi.

Bastola ikamponyoka.

Ikaruka yenyewe, ikagonga tangi, ikaganda hapo. Jamaa akabaki anatazama kiganja kitupu. Ngumi ya Mwiba haikuwa na chuma ndani yake. Ilimfika vizuri kabisa.

Kichupa kilikuwa kimeangukia sakafuni, kinafuka. Mwiba akakinyakua kwa vidole vitupu, akakitumbukiza ndooni. Ngozi ya vidole viwili ikabaki juu ya plastiki. Akatukana, akamfunga mwizi kwa nyaya za sakafuni, akabeba ndoo hadi ghorofa ya tatu, huku fundi akipiga kelele kwamba kuizima sumaku na kuibandua bastola ile ni wiki sita za kazi.

Daktari alikihamishia kichupa jokofuni, akafunga mlango, akauegemea kwa mgongo.

"Iko hai?" Mwiba akauliza.

"Nitajua baada ya siku kumi na nne."

"Kumi na nne, mama?"

"Chembe hai hazikui kwa amri." Akavuta kiti, akaketi mbele ya jokofu. "Nenda, mwanangu. Mimi nakaa nayo."

Mwiba akavua koti, akalitundika. Redio ikakwaruza.

"Ripoti."

"Mwizi tunaye. Kichupa kimerudi. Hai au maiti, niulize baada ya wiki mbili."

"Hilo si jibu, Mwiba."

"Ndilo pekee lililopo."

Akazima redio, akaingiza mkono wenye malengelenge mfukoni, akatoka taratibu.