Siku Mukta Aliposema Ndiyo

Kila Jumapili nyumba ya Mwalimu Vasant Ghorpade iliamka na harufu ya chai ya tangawizi na mikate ya mtama. Mama yake Mukta alikuwa akiwasha taa yake ndogo ya shaba mbele ya sanamu ya mungu wake, pale kwenye kona ya jikoni, huku midomo ikimchezacheza kwa sala. Chumba cha pili, Mwalimu alikuwa akipanga vitu katika mkoba wa turubai: nazi zenye makumbi, chembechembe za dawa ya zambarau ya kusafishia maji, na chupa ya mafuta mazito yasiyo na rangi, ambayo ukiyaona kwa mbali utaapa ni maji.

"Mukta! Umeshaweka dawa ndani ya makumbi?" aliuliza.

"Tayari, baba."

Mwalimu alifundisha sayansi katika shule ya sekondari mjini. Mwisho wa juma yeye na wenzake walizunguka vijijini kuonyesha watu jinsi miujiza ya matapeli inavyotengenezwa. Alimwagia nazi yale mafuta yaliyofanana na maji, nazi ikashika moto yenyewe, watu wakaruka nyuma wakipiga yowe. Kisha akawaeleza siri yake. Hakuamini kuwa Mungu yupo, wala hakuficha. Hata hivyo, mafuta ya taa ya mke wake yakipungua, yeye ndiye aliyeyajaza.

Mukta, msichana wa miaka kumi na miwili, zamani aliipenda kazi ya kumshikia baba nazi. Mwaka ule, alipoingia darasa la saba, mambo yalibadilika.

"Binti wa mkana Mungu huyo anapita!" Ketaki, aliyesoma naye darasa moja, alizoea kumwimbia uwanjani shuleni. "Jamani, msikae naye karibu, radi ikija kumtafuta itatupiga sisi kwa makosa!"

Wenzake waliangua kicheko. Sarika peke yake ndiye hakucheka. Sarika Lokhande alikaa dawati moja na Mukta tangu darasa la kwanza, akamgawia embe la chumvi na pilipili kila alilonunua. Lakini hata Sarika alimwuliza siku moja, "Kwani baba yako haogopi? Hata kidogo?"

Ikafika sikukuu ya nyoka. Wasichana wa kijiji walivaa nguo mpya, wakapaka hina mikononi, wakabeba vikombe vya maziwa ya kumtolea mungu wa nyoka hadi kwenye hekalu dogo lililo pembeni mwa mashamba ya miwa. Mlinzi wa hekalu, mzee Khanderao, ndiye aliyekuwa mganga wa watu walioumwa na nyoka. Mukta alikwenda pia, kwa ruhusa ya mama yake, akasimama nyuma ya wenzake.

"Na wewe umefuata nini hapa?" Ketaki alimgeukia. "Si baba yako anasema mzee Khanderao ni mwongo?"

Mukta alihisi masikio yakimwaka. Wasichana wote walikuwa wakimtazama, na maneno yakamtoka kabla hajayapima.

"Hayo ya baba ni ya jukwaani tu. Mwaka jana baba yangu mdogo aliumwa na nyoka. Baba mwenyewe alimleta hapa kwa siri, akapona."

"Weee!" Ketaki alishika mdomo. "Mwalimu Vasant? Hapa?"

"Msimwambie mtu."

Ulikuwa uongo mtupu. Baba yake mdogo alikuwa amepelekwa hospitali mbio mbio, akachomwa sindano za kuondoa sumu. Lakini siku ile, kwa mara ya kwanza, Ketaki alimshika Mukta mkono, akamfunga uzi mwekundu wa hekalu, wakarudi nyumbani pamoja wakiimba. Mukta aliona amepata marafiki. Habari yenyewe ikatembea kisimani, dukani na mashambani, ikamfikia kila mtu isipokuwa Mwalimu. Nani angemwendea mtu mzima kumwambia siri yake mwenyewe?

Msimu wa kung'oa karanga ulipofika, watoto walisaidia wazazi baada ya shule. Alasiri moja Mukta alikuwa shambani kwa kina Sarika, wanang'oa na kutaniana.

"Wewe unang'oa moja unakula tatu," Sarika alimchokoza. "Mama atakukata mshahara."

"Mshahara gani? Mimi mgeni wa heshima bwana."

Sarika alicheka, akapiga hatua kulifuata rundo la majani makavu. Ghafla akapiga ukelele. Nyoka mnene, mwenye madoa meusi yaliyopangana mgongoni kama mnyororo, alikuwa akijiburuta kuingia kwenye miwa. Juu ya kidole gumba cha mguu wa Sarika damu ilikuwa ikichuruzika.

Mukta alimjua nyoka yule. Baba yake alikuwa na picha yake kubwa, naye alishaisikia habari yake mara nyingi: huyo ana sumu, mgonjwa atulizwe, asitembezwe, asifungwe kamba wala asichanjwe, apelekwe hospitali bila kupoteza wakati.

Wajomba wa Sarika walimbeba hadi uani. Jirani mmoja alikuwa na gari la kubebea miwa, akaliwasha papo hapo. Mama yake Sarika, Hirabai, alikuja mbio, sari imemteleza begani.

"Twende hospitali!" alisema.

"Hospitali ni mbali, hekalu ni hapa," bibi mzaa baba wa Sarika alikatiza. "Khanderao ametibu wangapi?"

"Lakini mama, huyu amevimba tayari!"

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Semeni basi! Kushoto au kulia?"

Hirabai aligeuka huku na huku kama mtu aliyepotea njia. Macho yake yakatua kwa Mukta.

"Mukta, mwanangu, niambie wewe. Nasikia baba yako alimpeleka ndugu yake kwa Khanderao, akapona. Ni kweli?"

Ua ulikuwa umejaa watu. Ketaki alikuwa pale na mama yake, anatingisha kichwa kama anayemwambia, sema, si ulituambia? Mukta alifungua mdomo. Neno "hapana" lilikuwepo, fupi, jepesi, lakini nyuma yake aliona kicheko cha uwanjani, na jina la mwongo likiongezwa juu ya jina la binti wa mkana Mungu.

"Ndiyo, mama Sarika," alisema.

Gari likakata kona kuelekea hekaluni.

Mzee Khanderao alifanya kama walivyofanya baba yake na babu yake. Alimfunga Sarika kamba ya kubana juu ya kifundo, akachanja jeraha kwa wembe, akapaka majivu na majani machungu. Watu walikaa wakiimba. Mukta alisimama karibu na mlango akiutazama mguu wa rafiki yake ukibadilika rangi, kwanza mwekundu, halafu kama bilinganya. Kila mara alijiambia, nitasema sasa hivi. Kila mara wimbo ulianza upya, naye akanyamaza.

Kisha Sarika akageuza uso, akatema mate. Yalikuwa damu. Fizi zake zilikuwa zikivuja.

Mukta alikimbia. Alikimbia hadi kituo cha basi, ambako baba yake alikuwa ndiyo kwanza anashuka akirudi kutoka mjini. Alimng'ang'ania shati.

"Baba, Sarika ameumwa na yule nyoka wa mnyororo! Wako hekaluni! Ni mimi, baba, ni mimi!"

Mwalimu hakuuliza zaidi. Alipofika hekaluni alikuwa anahema kama farasi. "Mpakieni garini! Mtoto anakufa huyu!"

Hirabai alisimama mbele yake. "Leo unakuja kutupigia kelele? Wewe si ulimleta ndugu yako hapa hapa kwa kujificha? Wako apone, wangu ucheze naye?"

Mwalimu akamtazama mama yule, akawatazama watu, mwishowe akamtazama binti yake. Wimbo ulikuwa umekoma.

"Nilidanganya," Mukta alisema. Akarudia kwa nguvu. "Mama Sarika, nilidanganya! Baba mdogo alitibiwa hospitali. Hakuletwa hapa hata siku moja."

Aliyetikisika wa kwanza alikuwa mzee Khanderao. Aliinama, akaanza kuilegeza ile kamba polepole.

"Mchukueni," alinong'ona. "Wengi ninaoletewa wameumwa na nyoka wasio na sumu. Huyu simwezi. Mchukueni."

Sarika hakufa. Alichomwa sindano nyingi, na kwa kuwa figo zilikuwa zimesimama, damu yake ilisafishwa kwa mashine juma baada ya juma. Lakini nyama ya mguu ilikuwa imeoza pale kamba na sumu vilipokutana, na madaktari wakalazimika kuukata mguu juu ya kifundo. Daktari aliyemhudumia alimwambia Hirabai bila kuzunguka, "Mama, mngekuja moja kwa moja, nadhani angetoka hapa kwa miguu yake miwili."

Mukta alikaa siku nyingi bila kula vizuri. Baba yake hakumpiga wala kumfokea, na hilo lilimuumiza zaidi. Sarika aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Mukta alikwenda na wazazi wake wote wawili. Alimkuta rafiki yake amekaa kitandani, amekonda, magongo yameegemezwa ukutani.

"Nisamehe," Mukta alisema, akaanza kulia.

Sarika alimtazama muda mrefu. "Unajua, mimi mganga sikumwamini sana," alisema taratibu. "Mama pia hakumwamini sana. Tulikuamini wewe."

Mukta alitamani atukanwe.

Hirabai aliwaletea chai, akaiweka chini kwa kishindo kidogo, akamgeukia Mwalimu. "Na wewe, Mwalimu, nina neno. Ulisimama mbele yetu na nazi zako, ukatuchekesha, ukaenda zako nyumbani. Siku ile uani sikuikumbuka hotuba yako hata moja. Nilikumbuka ulivyotucheka. Ungekaa nasi ukatuambia dawa iko wapi na gari litapatikanaje, labda nisingehitaji kumwuliza mtoto."

Mwalimu aliinamisha kichwa. "Ni kweli, dada yangu. Sina la kujitetea."

Jumapili iliyofuata mkoba wa turubai ulibaki nyumbani. Mwalimu alikwenda na muuguzi wa zahanati, wakakaa kwenye jamvi pamoja na wanakijiji uani kwa Hirabai. Mwenye gari aliahidi kuwa mtu yeyote atakayeumwa na nyoka, wa dini yoyote au asiye na dini, atapelekwa hospitali kwanza. Mzee Khanderao naye alisema kuwa hatafunga tena kamba wala kushika wembe. Mwenye kutaka dua atamwombea baada ya daktari kumaliza. Kisha Mukta alisimama mbele ya wote, Ketaki akiwemo, akaeleza alichosema siku ile na kwa nini. Hakuna aliyecheka. Ketaki alikuwa akitazama chini.

Njiani kurudi, Mukta alimwuliza mama yake, "Mama, Mungu wako atanisamehe?"

"Nitamwomba," mama alijibu. "Lakini usinitume mimi nikakuombee halafu wewe ukakaa. Sarika ana masomo ya miezi mizima ya kufidia, na maji kisimani hawezi kuchota."

Baba yake akasema, "Mukta, mimi nilikufundisha siri ya nazi inayowaka, nikadhani nimekufundisha sayansi. Sikukufundisha lililo gumu, kusema kweli wakati watu wote wanataka uone haya. Mtu aamini au asiamini, hilo ni la moyo wake, kama mama yako na mimi tunavyoishi nyumba moja. Lakini tukiulizwa jambo ambalo maisha ya mtu yanalitegemea, sharti tuseme tunachokijua, hata tukichekwa. Kicheko kingekuuma siku mbili. Hili tutalibeba wote, mimi nawe, miaka yote."

Kesho yake asubuhi, kabla jua halijachomoza vizuri, Mukta alikuwa mlangoni kwa kina Sarika na ndoo mbili. Sarika hakutoka kumsalimia. Mukta aliyajaza maji mapipa, akaweka daftari zake kizingitini ili mwenzake anakili masomo, akaenda shule peke yake.